Laptop Tuliyoichagua kwa Kugeuza Migongo

Tangu nistaafu, kila ninayekutana naye sokoni Kasulu ananiuliza swali moja: "DJ, ile laptop mliyonunua ni aina gani?" Hakuna anayeuliza nimeamkaje. Na jibu lenyewe sina. Stika yake ilibanduka kabla haijafika mikononi mwetu, na maandishi ya chini yake ni madogo kuliko macho yangu. Ninachojua ni namna tulivyoipata, na hata hilo lilinichanganya kichwa kiasi kwamba sasa hivi ninapoandika bado najikuna.

Vijana wa kikundi chetu cha muziki mmeniomba niwaandikie mambo ya kazi. Haya, naandika. Ila itabidi nianzie mbali, Kibondo, kwa sababu laptop ile isingechaguliwa vile kama mimi nisingeanza kazi kwa Mama Anastazia.

Nilizaliwa Murungu, kwenye familia ya maharage na mihogo. Mama Anastazia alikuwa na ukumbi wa mabati pale Kibondo mjini, na alikodisha muziki wa harusi na ubatizo. Wazazi wake walitoka Burundi, naye alizungumza Kiswahili kilichokaa karibu sana na Kiha chetu, kwa hiyo tulielewana haraka, isipokuwa siku ya kwanza. Siku hiyo alinipa kalamu ya wino. Nikaketi mezani na kalamu yangu, nimenyooka kama karani, nikisubiri karatasi. Nilisubiri mpaka wageni wakaanza kuingia.

"Unasubiri nini weye?" akaniuliza.

"Karatasi, mama."

Akaniletea rundo la kaseti. Kalamu ilikuwa ya kuzungushia kaseti kwa mkono, ili tusimalize betri ya gari kwa kurudisha nyimbo nyuma. Kazi yangu ya kwanza katika muziki ilikuwa kuzungusha kalamu, na kidole changu cha shahada kina sugu mpaka leo.

Mama Anastazia hakuwa na maneno mengi ya kufundisha. Alikuwa na taratibu zake, ukizifuata sawa, usipozifuata unarudi Murungu. Utaratibu mmoja ndio uliokuja kunipata uzeeni. Kila aliponunua chombo chochote chenye sauti, iwe spika au redio, alikwenda na watu wa umri tofauti: mzee, mtu mzima, kijana. Anawapanga uani kwa muuzaji, wamekigeuzia chombo migongo. Muziki unapigwa. Haruhusiwi mtu kusema. Ukisikia kitu kinachokuchoma au kinachokuudhi sikioni, unainua mkono, basi. Yeye anatazama mikono.

Siku moja nilimwuliza kwa nini tugeuke. Akasema, "Ukiiangalia spika nzuri, sikio linaionea haya." Na kwa nini umri tofauti? "Harusini kwangu wanakuja wa umri mmoja?" Ndiyo maelezo yote niliyowahi kupata. Wauzaji walimwona kichaa. Spika zake, hata hivyo, zilidumu kuliko ndoa nyingi zilizofungwa mbele yake.

Kutoka Kibondo nilihamia Kasulu, na kaseti zikawa sidii, na sidii zikawa laptop. Sitawachosha na hayo. Niseme tu kwamba kila chombo kipya kilinikuta sijakielewa kile cha zamani. Nimepiga muziki kwenye harusi za Mtendeli wakati kambi ile ya wakimbizi bado ina watu, vumbi likiingia kwenye feni ya laptop mpaka inakohoa. Nimepiga sherehe za watumishi waliohamishiwa huku kutoka kila pembe ya nchi, ambapo meza hii inataka kwaya, ile inataka singeli, na bwana afya anataka rumba na anakuja kukusimamia mgongoni mpaka aipate. Ukitaka kujua watu, kaa nyuma ya mixa, ile mashine ya kurekebishia sauti. Wote wanakuja kwako na wote wana haraka.

Jovina alitujia akitokea kwenye kwaya. Alikuwa mpiga kinanda wa kanisa, binti wa familia iliyokuja kama wakimbizi, sasa ni raia, wanalima na kuuza vitunguu sokoni. Mwanzoni alikuja kuunganisha waya tu. Baada ya muda nikagundua kwamba mimi nikisema "kuna kitu spika ya kushoto", yeye ameshafika kwenye spika ya kushoto. Nikaanza kumwachia saa moja moja, halafu nusu ya sherehe. Ananiita Baba, nami namwita mwanangu, ingawa akikasirika ananiita Mzee.

Sasa tufike kwenye mambo ya karibuni, yaliyonichanganya.

Jambo la kwanza lilikuwa mixa yetu. Kwenye mixa kuna vitufe vya kuzungusha: hiki cha sauti nene, hiki cha kati, hiki cha sauti nyembamba, zile za matoazi na za herufi s inayopita mdomoni mwa mwimbaji. Kwa miezi mingi nilikuwa nauona muziki wetu umepauka. Haukuwa na makali yale ya zamani. Basi nazungusha kitufe cha sauti nyembamba, napandisha, naenda kusalimia wenye shughuli. Nikirudi, nakuta kitufe kimeshuka. Napandisha. Nageuka kunywa maji. Kimeshuka. Nikasema mixa imechoka, kitufe kimelegea. Nilikifungua chote nyumbani, nikakisugua kwa brashi na spiriti. Pembeni ya kitufe kulikuwa na doa jekundu limeganda, nikalisugua nalo mpaka likatoka. Sherehe iliyofuata, kitufe kikashuka vilevile, na doa jekundu limerudi mahali pake.

Niliogopa kidogo, nawaambieni ukweli. Nilifikiria mambo ambayo mtu wa umri wangu na ubatizo wangu hapaswi kuyafikiria.

Jambo la pili, laptop yetu ya zamani ilianza kuzimika. Ilizima mara ya kwanza keki ikikatwa, bibi harusi kisu mkononi, ukumbi mzima kimya, tunasikia jenereta tu. Ikazima tena kwenye send-off. Kikundi kikaketi tukakubaliana tununue nyingine. Akiba yetu ilitosha laptop moja, tena iliyokwisha kutumika, na hakukuwa na nafasi ya kukosea halafu tukarudia.

Na halikuwa jambo la kikundi tu. Jovina alikuwa amepata harusi yake ya kwanza ya kuongoza mwenyewe, hapa hapa Kasulu, jina lake kwenye makubaliano. Ulikuwa ukoo mkubwa, na upande mmoja wa ukoo ulishasema wazi kwamba hawajawahi kuona binti akishika harusi nzima, afadhali waite kikundi kingine. Baba wa bwana harusi ndiye aliyemtetea. Laptop ikizima siku ile, hakuna ambaye angeilaumu laptop. Jovina alilijua hilo, nami nilijua kwamba analijua, kwa sababu alikuwa ameacha kucheka.

Nikaenda kuomba ushauri kwa Mwalimu Kimaro, anayefundisha kompyuta sekondari. Ni mtu wa Moshi, mpole, aliletwa huku na serikali na akapazoea. Alinikaribisha chai, akaanza kueleza. Alisema niangalie RAM, isipungue nane, kumi na sita ni bora. Niangalie prosesa ya kizazi kipi. Niangalie diski iwe ile isiyozunguka, maana ile inayozunguka itachelewa na pia haipendi kutikiswa na spika nene. Niangalie matundu ya kuchomeka waya yawe mengi.

"Mwalimu," nikamwambia, "kizazi ni cha nani?"

"Cha prosesa, mzee wangu."

"Ina wazazi?"

Alicheka, akachora kwenye karatasi. Nikaitikia kila alipochora. Niliporudi nyumbani nilikuwa naikumbuka chai vizuri sana. Nikamtuma Jovina akamsikilize upya, naye alirudi amekielewa chote, akanieleza, nikapotea tena mahali pale pale, kwenye kizazi.

Nikaenda mwenyewe kwa Papa Djodjo. Huyu ni Mkongomani, ana duka la vifaa vilivyotumika karibu na soko, na Kiswahili chake kina utamu wake. Alinionyesha laptop mbili zilizolingana na mfuko wetu. Moja ya fedha, nyembamba, inang'aa, baridi mkononi. Nyingine nyeusi, nene, pembe moja imechubuka, na herufi zake zimepangwa kwa mtindo wa Kifaransa, A imekaa mahali pa Q, M imekimbilia pembeni. Niliitafuta W kwa muda nikaiacha.

"Papa, hii nyeusi iko nguvu," akasema Papa Djodjo. "Iko na memware ya kutosha, ile munaita RAM. Ilitumikaka mu biro, mu ofisi."

"Na hii ya fedha?"

"Ile nayo iko na memware ileile. Ila ile iko muzuri ya kuangalia."

Basi nikapenda ya fedha. Nilijiona nimeketi nyuma yake, wageni wanaiona inang'aa, wanasema kikundi cha Kasulu kimeendelea. Nilimpigia Jovina simu, nikamwambia nimemaliza, alete hela.

"Baba," akasema, "tumegeuza migongo?"

Nilikuwa nimemsimulia habari za Mama Anastazia mara nyingi, pengine mara nyingi mno. Nikamwambia Papa Djodjo tutarudi kesho mchana, na spika zetu.

Kesho yake umeme ulikatika, jambo lililotufaa, kwa sababu harusi zetu nyingi ni za jenereta. Tukaliwasha uani kwa Papa Djodjo, tukaunganisha spika na mixa yetu. Mwalimu Kimaro alikubali kukaa kwenye laptop, maana hata yeye alitaka kuona wendawazimu wetu. Wa kugeuza migongo tulikuwa wanne: mimi, Jovina, dereva wa bodaboda aliyekuwa anasubiri abiria, na Bibi Yudita anayeuza maandazi mlango wa pili. Tukapanga viti vikatazama ukuta. Papa Djodjo alishika kiuno.

"Bandugu, munanunua kompyuta ao munasali?"

Ikaanza ya fedha. Kwanza ikipiga kwa betri yake. Muziki ulikuwa safi. Hakuna aliyeinua mkono. Kisha Mwalimu akachomeka chaja. Kwangu muziki uliendelea safi vilevile, nikatabasamu ukutani. Nikageuza jicho kidogo, nikaona mkono wa Jovina uko juu. Wa dereva nao uko juu, na amekunja uso kama aliyeng'atwa na siafu. Bibi Yudita ametulia. Mimi nimetulia.

"Mbili kwa mbili," nikasema nikisimama. "Tena vijana mna masikio ya simu."

"Baba, inapiga filimbi," Jovina akasema.

"Filimbi gani?"

"Nyembamba. Inapiga wakati wote, hata katikati ya wimbo."

"Ego, ipo kweli," dereva akasema. "Inachoma huku ndani."

Nikamgeukia Bibi Yudita, mwenzangu kwenye kura. "Bibi, wewe umesikia filimbi?"

"Mwanangu," akasema, "mie sisikii vizuri siku nyingi. Nilikuja kwa ajili ya soda."

Sikuelewa. Nilidhani labda wamepanga, labda Jovina anaitaka ile nyeusi na amemnong'oneza dereva. Nikawaambia wakae vilevile, wasigeuke, na mimi nikaenda kumwondoa Mwalimu kwenye chaja. Nikaishika mwenyewe. Nikachomoa. Mikono miwili ikashuka. Nikachomeka. Mikono miwili ikapanda, pamoja, kama imefungwa kwenye waya niliokuwa nao mkononi. Hawakuwa wananiona. Nikachomoa taratibu, bila kelele. Ikashuka. Nikazuga, nikagusa waya bila kuchomoa. Haikutikisika. Nikachomeka. Ikapanda.

Niliinama mpaka sikio likagusa kitambaa cha spika. Nikachomoa, nikachomeka. Nilisikia gitaa, nikasikia besi, nikasikia mtu anaimba. Filimbi sikuisikia. Nilirudia mpaka Mwalimu Kimaro akaniwekea mkono begani.

"Mzee wangu," akasema polepole, "hata mimi naisikia."

Nawaambieni, vijana, nimeshaanguka kutoka kwenye jukwaa, nimeshapigwa na umeme wa jenereta, lakini masikio yangu sikuwahi kuyatilia shaka mpaka pale. Nilikaa kwenye kiti kile kile kilichotazama ukuta. Papa Djodjo alizima muziki bila kuambiwa.

Jovina akavuta kiti chake karibu.

"Kile kitufe," nikamwambia. Sijui kwa nini ndicho kilichonijia. "Kile cha sauti nyembamba. Hakijalegea?"

"Oya, Baba. Hakijalegea."

"Ni wewe unayekishusha."

"Ni mimi."

"Tangu lini?"

"Tangu ile harusi ya Buhigwe. Watu wa mbele walikuwa wanaziba masikio. Nikaweka alama ya rangi ya kucha, niwe nakirudisha mahali pake haraka kabla hujageuka. Wewe ukaisugua. Nikapaka tena."

"Kwa nini hukuniambia?"

Alifikicha mikono. "Ningekuambiaje? Wewe ndiye ulinifundisha kusikia."

Nililia. Sioni sababu ya kuficha, Bibi Yudita aliona na ameshatangaza soko zima. Nililia kwa aibu kidogo, na kwa huruma niliyomwonea yule binti, miezi yote ile akizunguka nyuma yangu kushusha ninachopandisha, huku mimi nailaumu mixa. Halafu Bibi Yudita akauliza kama soda bado ipo, nikacheka na machozi yangu.

Ile nyeusi tuliijaribu baadaye. Safari hii nilimwambia Jovina achague peke yake, mimi nikabaki kutazama mikono. Ilipiga kwa betri, ikapiga kwa chaja, jenereta likinguruma. Mwalimu alifungua programu zote za muziki, akaitesa, akachomeka waya kila tundu. Mkono haukupanda. Jovina aliinuka, akaibeba juani kuona kama kioo kinasomeka, akaizima na kuiwasha, akasikiliza feni yake. Kisha akasema, "Hii."

"Na herufi zake za Kifaransa?"

"Nitazipaka rangi ya kucha."

Mwalimu Kimaro alibadilisha mpangilio ndani, kwa hiyo sasa ukibonyeza palipoandikwa Q inakuja A, na kilichoandikwa si kinachotoka. Jovina anaichapa bila kuangalia. Mimi niliijaribu kuandika jina langu nikatoka mtu mwingine kabisa.

Kwa hiyo mnaoniuliza aina ya laptop, jibu langu ni hili. Hizo RAM na vizazi mwulizeni Mwalimu, anazijua na chai yake ni nzuri. Lakini msinunue kabla hamjaipeleka kwenye spika zenu wenyewe, jenereta likiwaka, chaja ikiwa imechomekwa, na watu wamegeuka. Mwalimu anasema laptop nyingi zina filimbi ile zikiwa zinachaji, na kuna kiboksi cha kuiondoa, lakini hela ya kiboksi hatukuwa nayo. Na kama katika kikundi chenu kuna mtu anayepandisha sauti nyembamba kila siku, mpelekeni hospitali mapema. Mimi nilikwenda. Daktari alisema kilichokwenda kimekwenda, akaniambia nikae mbali na spika. Nikastaafu wiki ile ile.

Asubuhi ya harusi nilipita dukani kununua rangi ya kucha. Dada muuzaji aliniuliza ni ya mke au ya binti, nikasema ni ya mixa, akanitazama vibaya. Ukumbini nilimkuta Jovina anaunganisha waya. Tukasalimiana, mwakeye, mwakeye. Nikamwambia aweke kitufe pale kinapotakiwa. Akakiweka. Nikaipaka alama mwenyewe, doa kubwa zaidi ya yale yake, ili hata kipofu alione. Kisha nikaenda kutafuta kiti kwa wageni, kwa mara ya kwanza tangu niingie kazini, na sikujua hata mgeni anaweka mikono wapi.

Wakaingia maharusi. Laptop nyeusi haikuzima. Keki ikakatwa, shangazi wakaingia na zawadi wakicheza, na wale waliosema hawajawahi kuona binti akishika harusi walikuwa katikati ya ukumbi, wametoka jasho. Mimi nilikuwa natazama nyuso. Sikuweza kujua kwa sikio, kwa hiyo nilitafuta uso uliokunjamana, nikakosa. Hata hivyo sikutulia. Nikamwinamia mama mmoja aliyeketi kando yangu.

"Samahani mama. Muziki unasikika vizuri? Hauchomi?"

Alinishangaa. "Unaniuliza mimi tena? Si wewe ndiye DJ?"

"Nilikuwa," nikamwambia. "DJ ni yule pale."

Akageuka kumtazama Jovina, akamtazama sana. Kisha akavua viatu, akavisukuma chini ya kiti changu, akaenda kucheza.